Bakteria wa Utumbo na Ugonjwa wa Crohn: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Utafiti wa Harry Sokol

Kila mara habari ya "bakteria anayezuia uvimbe wa utumbo" inaposambaa, maswali yaleyale hurudi. Yamekusanywa hapa pamoja na majibu yake, na yote yanahusu kazi ya Harry Sokol wa Paris na bakteria aitwaye *Faecalibacterium prausnitzii*. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Ugonjwa wa Crohn ni nini, na je, ndio vidonda vya tumbo?

Ugonjwa wa Crohn ni ugonjwa wa kudumu ambao kinga ya mwili huchochea uvimbe katika kuta za njia ya chakula. Mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana, ingawa unaweza kujitokeza popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Mgonjwa huharisha kwa wiki nyingi, huumwa tumbo, hupungua uzito, huchoka bila sababu ya wazi, na wakati mwingine huona damu kwenye choo. Jina lake linatokana na Burrill Crohn, ambaye mwaka 1932 aliueleza pamoja na Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer wa hospitali ya Mount Sinai, New York. Upo ugonjwa mwingine wa jamii hiyohiyo, kolaitisi ya vidonda, ambao hukaa katika utumbo mpana peke yake.

Vidonda vya tumbo ni jambo jingine. Hivyo hutokea kwenye tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo mwembamba, na visababishi vyake vikuu ni bakteria *Helicobacter pylori* na dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumfichua bakteria huyo, na mgonjwa anayetibiwa hadi bakteria huyo akaisha kwa kawaida hupona kidonda. Katika ugonjwa wa Crohn, hakuna hata bakteria mmoja aliyethibitishwa kuwa ndiye mkosaji. Kilichomvutia Sokol kilikuwa kinyume chake kabisa, yaani bakteria aliyetarajiwa kuwapo lakini akaonekana kuadimika.

2. Harry Sokol ni nani?

Ni daktari bingwa wa magonjwa ya njia ya chakula katika hospitali ya Saint-Antoine, Paris, na profesa wa Sorbonne Université. Sehemu kubwa ya utafiti wake wa maabara ameufanya na Philippe Langella, mtafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa huko Jouy-en-Josas. Wanaoshangaa taasisi ya kilimo inatafuta nini katika utumbo wa binadamu wakumbuke kwamba ujuzi wa kufuga bakteria wa maziwa na jibini umekuwapo huko kwa muda mrefu, na ujuzi huo ndio uliohitajika.

3. *Faecalibacterium prausnitzii* ni bakteria wa aina gani?

Ni miongoni mwa bakteria walio wengi zaidi katika utumbo wa mtu mzima mwenye afya, ambapo kwa makadirio ya kawaida huchukua karibu asilimia 5 ya bakteria wote wanaopatikana kwenye kinyesi. Huishi kwa kuchachusha mabaki ya chakula ambayo mwili haukuweza kuyasaga, na katika kazi hiyo hutoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana.

Sifa yake nyingine imewapa watafiti taabu nyingi: hawezi hewa. Akiachwa wazi kwenye oksijeni hufa ndani ya dakika chache. Kwa hiyo humfuga ndani ya kisanduku kilichofungwa kabisa na kujazwa mchanganyiko wa naitrojeni, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Mtafiti huingiza mikono katika glavu ndefu zilizoshikizwa kwenye ukuta wa kisanduku, na kila bakuli au kimiminika kinachoingia lazima kwanza kiondolewe oksijeni. Sifa hii itarudi katika swali la 6 na la 8, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini bakteria huyu hayupo madukani.

## Utafiti wenyewe

4. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha nini hasa?

Ulichapishwa katika jarida la Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, na thamani yake imo katika mpangilio wake, kwani ulianzia kwa wagonjwa na kuishia maabara, ilhali tafiti nyingi huenda kinyume chake.

Hatua ya kwanza ilihusu wagonjwa wa Crohn waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kipande kilichoharibika cha mwisho wa utumbo mwembamba. Kwa bahati mbaya upasuaji huo hauponyi ugonjwa, kwani mara nyingi uvimbe huanza upya pale pale utumbo ulipounganishwa. Watafiti walichunguza bakteria waliokuwa wameshikamana na kipande kilichoondolewa, kisha baada ya miezi 6 wakamwingizia kila mgonjwa kamera na kutazama pale utumbo ulipounganishwa. Waliokuwa na *F. prausnitzii* wachache katika kile kipande ndio ambao ugonjwa ulielekea kuwarudia.

Uhusiano wa aina hiyo hauthibitishi kitu peke yake, na watafiti walilijua hilo. Wakachukua seli za utumbo zilizooteshwa maabara na kuzichokoza ili ziwashe NF-kappa B, swichi ya ndani ya seli inayoamrisha uvimbe. Bakteria wenyewe hawakubadili chochote, lakini kimiminika walimokulia, kikiwa kimechujwa, kiliizima swichi hiyo. Waliporudia jaribio kwa seli za kinga kutoka katika damu ya binadamu, bakteria walizifanya zitoe zaidi interleukini 10, kemikali ya ujumbe ya kinga ambayo hutuliza uvimbe, na kupunguza interleukini 12 na intaferoni gama, ambazo huuchochea. Mwishowe walitumia panya wa maabara waliotiwa kemikali inayochubua utumbo mpana. Panya walionyweshwa bakteria hai, na hata wale walionyweshwa kimiminika peke yake, waliugua kwa kiasi kidogo zaidi.

Hapo ndipo penye uzito wa utafiti huu. Kama kimiminika kisicho na bakteria kinafanya kazi, basi bakteria huyu hutoa kitu fulani nje ya mwili wake, na kitu hicho kinaweza kutafutwa.

5. Kitu hicho kimepatikana?

Kwa sehemu. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa butireti, kwa kuwa uwezo wake wa kutuliza uvimbe ulikwisha kujulikana, lakini haikutosha kueleza matokeo yote. Mwaka 2016 kundi hilohilo lilitangaza katika jarida la *Gut* kwamba vipande 7 vya protini vilivyokutwa katika kimiminika cha bakteria huyu vyote vinatoka katika protini moja ndogo, ambayo waliiita MAM, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya molekuli ya bakteria inayozuia uvimbe. Seli zilizopewa jeni ya protini hiyo zilipunguza utendaji wa NF-kappa B. Kwa panya walitumia njia ya werevu: walipachika jeni hiyo kwa *Lactococcus lactis*, bakteria wa kutengenezea jibini asiye na madhara, naye akaifikisha ndani ya utumbo, na uvimbe ukapungua.

Isisomwe kwamba MAM ndiyo jibu lote. Bakteria mmoja anaweza kutuliza uvimbe kwa njia kadhaa kwa wakati mmoja, na butireti bado ni mojawapo.

6. Kupungua kwa bakteria huyu ni chanzo cha ugonjwa au ni matokeo yake?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote katika ukurasa huu, na mwandishi yeyote anayelijibu kwa neno moja anapaswa kutiliwa shaka.

Yapo mambo yanayoelekea kwenye matokeo. Utumbo wenye uvimbe hupata oksijeni zaidi kuliko utumbo wenye afya, na tumeona katika swali la 3 kwamba bakteria huyu haivumilii. Bakteria wanaostahimili oksijeni, kama *Escherichia coli*, hunufaika na hali hiyo na kuongezeka. Arlette Darfeuille-Michaud wa Clermont-Ferrand alionyesha kwamba baadhi ya *E. coli* wanaopatikana kwa wagonjwa wa Crohn wana uwezo wa kushikamana na seli za utumbo na kuzipenya. Kuharisha kwenyewe, lishe iliyobadilika na antibayotiki navyo hubadili idadi ya bakteria.

Yapo pia yanayoelekea kwenye chanzo, au angalau kwenye mchango. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2014 ulichunguza watoto 447 waliogunduliwa ugonjwa wa Crohn kabla hawajaanza dawa, na tayari mabadiliko yalikuwapo: jamii ya *E. coli* ilikuwa imeongezeka na jamii ya *Faecalibacterium* imepungua. Kwa hiyo dawa peke yake haiwezi kulaumiwa. Nao wagonjwa wa upasuaji wa swali la 4 walipimwa bakteria kwanza, ugonjwa ukarudi baadaye.

Maelezo yanayokubaliana zaidi na ushahidi uliopo ni ya mzunguko: uvimbe humpunguza bakteria, na kupungua kwake huondoa kimojawapo cha vizuizi vya uvimbe. Nani alianza, kwa mgonjwa fulani, huenda kusijulikane kamwe.

7. Je, urithi hauna nafasi?

Unayo. Mwaka 2001 makundi mawili, mojawapo la Jean-Pierre Hugot wa Ufaransa, yalitangaza kwamba mabadiliko katika jeni ya NOD2, ambayo husaidia seli kutambua vipande vya bakteria, huongeza uwezekano wa kuugua Crohn. Sokol mwenyewe ameshughulikia jeni nyingine, CARD9. Katika utafiti wa mwaka 2016 kundi lake lilionyesha kwamba panya wasio na jeni hiyo hubeba bakteria wasioweza kubadili triptofani ya chakula (mojawapo ya vijenzi vya protini) kuwa kemikali zinazolinda utumbo. Bakteria hao walipohamishiwa kwa panya wenye jeni kamili lakini wasio na bakteria wowote, nao wakawa wepesi wa kupata uvimbe. Kwa panya, basi, imeonekana kwamba udhaifu ulioanzia kwenye jeni unaweza kuhama pamoja na bakteria.

## Matibabu na chakula

8. Ninaweza kununua wapi vidonge vya *Faecalibacterium*?

Hakuna dawa yenye bakteria huyu iliyoidhinishwa kutibu ugonjwa wa Crohn. Anayekuuzia unga au kidonge chenye jina hilo anatakiwa aeleze jinsi alivyomzuia bakteria huyo asiguse hewa tangu kiwandani hadi kwenye utumbo wako, na wengi hawana maelezo hayo.

Kampuni ya Ufaransa iitwayo Exeliom Biosciences, ambayo Sokol ni mmoja wa waanzilishi wake, inamfanyia majaribio ya kitabibu bakteria huyu kama dawa. Ni haki msomaji ajue kwamba mtafiti ana maslahi ya kibiashara katika jambo analolitafiti. Hilo halibatilishi matokeo ya mwaka 2008, lakini ni sababu nzuri ya kusubiri majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wengi na kusimamiwa na wengine.

9. Mtindi, maziwa mgando au mursik vinaweza kuchukua nafasi yake?

Hapana. Bakteria wa vyakula hivyo ni wa asidi ya maziwa, ambao huvumilia hewa na kwa kawaida hupita tu bila kufanya makazi ya kudumu. Ni chakula kizuri kwa anayekivumilia, lakini *F. prausnitzii* hayumo ndani yake. Probayotiki za dukani, yaani bakteria hai wanaouzwa kwa ajili ya afya, nazo hazijaonyesha faida ya kuaminika katika ugonjwa wa Crohn.

10. Je, kuna chakula kinachomwongeza bakteria huyu?

Kwa watu wenye afya, ndiyo, kwa kiasi fulani. Watafiti wa Aberdeen, Uskoti, waliwapa watu 12 wa kujitolea gramu 10 kwa siku za inulini, aina ya nyuzinyuzi inayopatikana katika vitunguu na vitunguu saumu, na *F. prausnitzii* wakaongezeka. Kwa ujumla bakteria watoao butireti hutegemea nyuzinyuzi na wanga usiosagika kwa urahisi: maharage, kunde, choroko, mtama, ndizi mbichi za kupika, hata kiporo cha ugali au viazi, kwa kuwa wanga uliopoa hugeuka kuwa mgumu zaidi kusagwa.

Onyo lipo, na ni la lazima. Mgonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umebana kwa makovu anaweza kupata kuziba kwa utumbo akila vyakula vyenye nyuzi ngumu kwa wingi. Mtu aliyekwisha kugunduliwa ugonjwa asibadili lishe kwa kufuata orodha hii bila kuzungumza na daktari wake. Tazama pia swali la 15, ambalo linaharibu kidogo unyoofu wa hoja hii.

11. Vipi kuhusu kupandikiza kinyesi cha mtu mwenye afya?

Njia hii imethibitika kwa maambukizi yanayojirudia ya *Clostridioides difficile*, bakteria anayeharisha watu vibaya. Kwa Crohn, Sokol na wenzake walifanya jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2020, ambapo wagonjwa waliokuwa tayari katika nafuu walipandikizwa kinyesi cha mtoaji au cha kuigiza, na matokeo ya watu 17 yakachambuliwa. Lengo kuu lilikuwa bakteria wa mtoaji wafanye makazi kwa mpokeaji kwa kiwango kilichowekwa mapema, na hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekifikia. Zilionekana dalili za kutia moyo katika vipimo vingine, lakini kwa idadi hiyo ya watu dalili hubaki dalili.

Kujifanyia nyumbani ni hatari isiyo na utani. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepata *E. coli* sugu kwa dawa kutoka kwenye kinyesi cha mtoaji, tena katika utaratibu wa kitabibu.

## Afrika Mashariki, na maswali yasiyo ya kawaida

12. Ugonjwa huu upo kwetu?

Upo, ingawa kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa wa Ulaya na Amerika Kaskazini. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alijenga hoja yake maarufu kuhusu nyuzinyuzi kwa kuona jinsi magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyokuwa ya kawaida Uingereza yalivyokuwa adimu vijijini Uganda. Kadiri lishe na maisha ya mijini yanavyobadilika, na mashine za kolonoskopi (kamera ya kutazama utumbo mpana) zinavyoongezeka, wagonjwa wanaogunduliwa nao huongezeka. Mengine ni ugonjwa mpya, mengine ni macho mapya.

13. Kwa nini daktari alitaka kwanza kupima kifua kikuu?

Alifanya vyema. Kifua kikuu cha utumbo hupenda mahali palepale ambapo Crohn hupenda, yaani mwisho wa utumbo mwembamba, na hata kwa kamera vinaweza kufanana. Kosa hapa ni ghali, kwa kuwa steroidi na dawa nyingine za kushusha kinga zinazotumika kwa Crohn zinaweza kusambaza kifua kikuu mwilini. Amiba nayo huweza kuiga kolaitisi na kuwa mbaya zaidi kwa steroidi, kwa hiyo kupima choo si kupoteza muda.

14. Wahadzabe wana bakteria bora kuliko sisi?

Utafiti wa mwaka 2014 uliwachunguza Wahadzabe 27, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, ukiwalinganisha na Waitalia wa mjini. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Lakini walikosa *Bifidobacterium*, ambao kwenye matangazo ya probayotiki ndio huitwa "bakteria wazuri". Bakteria huwa mzuri kwa chakula fulani na mwili fulani, na kuwageuza Wahadzabe kuwa kipimo cha usafi wa utumbo ni kuwatwisha jambo ambalo utafiti haukusema.

15. Nimesoma tafiti zinazopinga. Ni za kweli?

Ni za kweli na hazifai kufichwa. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza waliwakuta watoto waliogunduliwa Crohn karibuni wakiwa na *F. prausnitzii* wengi zaidi kuliko watoto wasio nao, kinyume na matokeo ya watu wazima na ya watoto wa swali la 6.

Linaloshangaza zaidi lilitoka Glasgow. Watoto wenye Crohn mara nyingi hutibiwa kwa maziwa maalumu ya lishe peke yake kwa wiki kadhaa, bila chakula kingine, na uvimbe hupungua vizuri. Mwaka 2014 ilionekana kwamba katika kipindi hicho hicho cha kupona, *F. prausnitzii* na butireti vilipungua. Hili linaeleweka kwa upande mmoja, kwani lishe hiyo haina nyuzinyuzi za kumlisha bakteria. Hata hivyo linaonyesha kwamba mtu anaweza kupata nafuu bila bakteria huyu kurudi, na kwamba idadi yake peke yake si kipimo cha afya ya utumbo.

Sababu nyingine ya mkanganyiko ni kwamba kilichoitwa aina moja kilikuwa kadhaa. Mwaka 2022 wanasayansi waliigawa jamii hii, na A2-165, kizazi cha maabara kilichotumika katika majaribio mengi, kikapewa jina la *Faecalibacterium duncaniae*. Tafiti mbili zinazopingana huenda zilihesabu viumbe tofauti kwa jina moja.

16. Kampuni za kupima bakteria wa kinyesi zinaweza kuniambia kama niko hatarini?

Haziwezi kwa sasa. Idadi ya *F. prausnitzii* hutofautiana sana kati ya watu wenye afya, na hubadilika kwa chakula na dawa, kwa hiyo namba ndogo katika ripoti haimaanishi ugonjwa, wala kubwa haiondoi. Mwenye dalili zilizotajwa katika swali la 1 atanufaika zaidi na kipimo cha kalprotekitini, protini ya chembe nyeupe za damu ambayo huongezeka kwenye kinyesi utumbo unapokuwa na uvimbe. Kikiwa juu, daktari huangalia maambukizi, kisha huamua kuhusu kolonoskopi.